Uyoga wa porini kwenye nchi ya madini: namna ya kuuchuma, kuupika na kuupima

Aliyekulia karibu na miombo hahitaji kufundishwa uyoga wa kula. Alishafundishwa na bibi yake upi wa kuchuma na upi wa kupita. Lakini elimu hiyo inahusu sumu ya uyoga wenyewe, haihusu sumu ya ardhi. Tente au chitondo (majina ya uyoga wa miombo) uliyoila tangu utotoni, yenye harufu ileile na utamu uleule, inaweza kuwa imebeba metali zenye sumu kama risasi, kadimiamu au zebaki, na hakuna jicho wala ulimi utakaokuonya. Kuchemsha na kitunguu saumu ukasubiri kibadilike rangi hakupimi metali. Uyoga kuliwa na funza hakuthibitishi lolote. Funza hana figo za kutunza kwa miaka sitini.

Sababu ni rahisi. Tunachochuma ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi zilizotandaa chini ya majani na udongoni, pengine kwa miaka mingi, zikitoa tindikali inayoyeyusha madini ili zijipatie chakula. Zikipata shaba na zinki zinazohitaji, zinazoa na vingine visivyohitajika. Mvua ikinyesha, tunda linachomoza kwa siku chache na kupokea kilichokusanywa muda wote huo. Kwa hiyo ulinzi mkubwa haupo jikoni. Upo mahali unapoinama kuchuma, na ndiyo maana sehemu ya ardhi hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Ardhi ya kuepuka

Tuanze na Katanga, kusini mwa Kongo, ambako mvua za Novemba zikishika, bowa, yaani uyoga, hujaa kwenye mabeseni kando ya barabara zinazotoka Lubumbashi. Tanuru la kuyeyushia shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi vumbi la moshi wake lilisukumwa na upepo unaotoka kusini-mashariki likaangukia upande wa kaskazini-magharibi. Huko, kwenye maeneo kama Penga Penga, udongo ulifika mahali pa kukataa kuotesha. Metali hazifi wala hazinyauki: moshi ukikoma leo, kilichoanguka kinabaki kwenye sentimita za juu za udongo, palepale nyuzi za kuvu zinapoishi. Kwa hiyo usiulize tu "kiwanda kinafanya kazi?" Uliza "kiliwahi kufanya kazi, na upepo wake ulielekea wapi?"

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wakazi wa Katanga ulikuta kobalti katika mkojo wao kwa viwango ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini na viwandani walikuwa na zaidi kuliko wa kilomita 3 hadi 10. Tumia namba hizo kama kamba ya kupimia. Ndani ya kilomita 3 usichume kabisa. Kati ya 3 na 10, chuma tu upande ambao upepo hautoki kiwandani, na mahali palipopimwa. Zaidi ya 10, endelea na dalili zifuatazo.

Kilima kisicho na miti katikati ya miombo, chenye nyasi fupi na vichaka vya maua madogo ya zambarau, mara nyingi ni kilima cha shaba. Ua hilo, Haumaniastrum katangense, wanajiolojia wamelitumia kutafutia mashapo ya madini. Ukiokota mawe ya kijani ya malakiti, umekwisha kujibiwa. Hapo hata kama hapajawahi kuchimbwa, madini yapo juu. Shuka, uende kwenye miombo mirefu ya mitundu na mikusu mbali na mteremko wa kilima hicho, si chini yake tu ambako maji hushukia.

Marundo ya mabaki ya kiwanda yanajionyesha: mchanga laini wa kijivu au wa rangi ya waridi usio na jani, au mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Watu huyaepuka marundo yenyewe, kisha wanachuma kwenye bonde lililo chini yake. Bonde ndilo baya. Mvua hubeba mchanga ule hadi kingo za kijito na kuutandaza mahali panapofurika. Kipushi, mji wa mgodi karibu na Lubumbashi, ni mfano wa kuangalia kwa makini zaidi, kwa sababu pale kuna zinki, na penye mawe ya zinki hapakosi kadimiamu.

Upande wa Tanzania, kwenye dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya, adui ni zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha, halafu anachoma ule mchanganyiko ili dhahabu ibaki. Mvuke wa zebaki unapaa, unapoa, unaanguka karibu. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, nayo hubaki na zebaki ambayo haikushika dhahabu. Kwa hiyo msitu unaouona ukiwa umesimama kwenye mwalo, pale wanapooshea dhahabu, uache. Na kingo za mto ulio chini ya mwalo, uziache pia, hata ukitembea nusu siku.

Barabara kuu: kaa angalau mita 50, na mita 100 ikiwa msitu uko chini ya usawa wa barabara. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika Mashariki kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi iliyotoka kwenye mabomba ya magari kabla ya hapo haikuondoka na petroli. Kwenye njia za malori ya madini kuna na vumbi jipya la kila siku.

Halafu kuna sehemu ndogo ambazo mtu hazifikirii. Mahali palipovunjwa betri za gari ili kuyeyusha risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu: udongo wa hapo ni mbaya kuliko kando ya barabara yoyote. Jalala la zamani lililofunikwa likaota majani. Magogo ya nguzo zilizotiwa dawa, zenye weupe wa kijani: dawa hiyo ya kuzuia mchwa huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na uyoga unaoota kwenye nguzo iliyoanguka usiliwe. Mkulima wa uyoga wa nyumbani naye asitumie pumba ya mbao za namna hiyo. Afuate seremala anayepasua mbao mbichi.

Aina na sehemu za uyoga

Si kila uyoga una tabia moja. Wa kuogopwa zaidi kwa kadimiamu ni ule mweupe wa malishoni na karibu na mazizi, ambao karatasi zake nyembamba chini ya kofia huanza na waridi zikaishia kahawia iliyoiva, na ngozi yake ikisuguliwa hugeuka manjano. Jamii hiyo, Agaricus, hukusanya kadimiamu hata kwenye ardhi isiyo na mgodi. Uyoga wenye sponji badala ya karatasi chini ya kofia, na ule wa duara kama mpira, hujulikana kwa kupenda zebaki. Chitondo, zile za manjano au nyekundu zenye mikunjo inayoshuka hadi kwenye shina, zina nafuu: jamaa zake waliopimwa sana Ulaya huwa na zebaki kidogo.

Uyoga wa kichuguu una kisa chake. Chikolowa, ambao kofia yake inaweza kufika mita moja, hukua juu ya bustani ambayo mchwa wameitengeneza kwa majani na vijiti vilivyokufa, si juu ya udongo mtupu. Hilo ni jema. Lakini mchwa huyohuyo hupandisha udongo kutoka kina cha mita kadhaa, na watafutaji wa madini huchukua sampuli kwenye vichuguu kwa sababu hiyo. Kichuguu kilicho juu ya mashapo kinakuwa kama kisima cha mashapo. Kichuguu cha shamba la kawaida hakina neno.

Ndani ya uyoga mmoja, metali hazijagawanyika sawa. Kofia huwa na nyingi kuliko shina, na zile karatasi au sponji chini yake ndizo huwa na nyingi kuliko nyama ya kofia. Ukiwa na shaka na mahali, kwangua sehemu hiyo uitupe. Kwenye uyoga mkubwa kijiko kinaiondoa kwa dakika moja. Utapoteza utamu kiasi. Ni bei nafuu.

Ukinunua

Muulize mama muuzaji umetoka msitu gani, siyo tu kama ni wa leo. Anayechuma mwenyewe atakutajia kijiji, kijito na siku. Anayenunua kwa jumla atasema "kule porini". Nunua kwa wa kwanza, na ukimpata mzuri, mshike msimu mzima. Geuza uyoga uangalie tope la kitako: mchanga wa kijivu unaometameta, au punje za kijani, ni sababu ya kuurudisha kwa adabu. Uliotandazwa chini kabisa ukingoni mwa lami umekula vumbi la siku nzima, hata kama msitu ulikotoka ni safi. Omba ule ulio ndani ya kapu lililofunikwa.

Usikubali ubebewe kwenye gunia la plastiki lililowahi kubeba madini. Magunia hayo yanafuliwa na kuuzwa sokoni, lakini vumbi linabaki kwenye nyuzi zake.

Beseni, kisu na sufuria

Kusafisha kunaondoa udongo, na udongo ndio wenye risasi nyingi. Hakuondoi kilichomo ndani ya nyama. Fanya hivi:

Kata kitako cha shina sentimita 2 juu ya mstari wa udongo, palepale msituni, usije nao nyumbani. Piga kofia kwa brashi kavu kabla ya maji. Ukianza na maji, vumbi linageuka tope na kuingia kati ya karatasi. Menya ngozi ya kofia kwenye aina zinazomenyeka. Kisha pasua uyoga katikati, osha kwenye beseni tatu zenye maji mapya, ukiuinamisha karatasi zikiangalia chini na kuutikisa. Acha beseni ya tatu itulie dakika 5. Ukimimina polepole ukakuta mchanga chini, rudia ya nne. Usiuloweke mzima kwa saa nyingi: unanyonya maji, unapoteza ladha, na haupungukiwi metali za maana.

Kupika: kata vipande vya unene wa milimita 5 hivi. Kwa kilo 1 ya uyoga, chemsha lita 5 za maji, tia uyoga, acha dakika 10, chuja, mwaga maji yote, suuza, kisha upike upya na kitunguu, nyanya au unga wa karanga kama kawaida. Maji yale ya kwanza huondoka na sehemu ya kadimiamu, ambayo hutoka kwa urahisi kiasi, na risasi kidogo. Zebaki haitoki kirahisi, wala haipai na mvuke wa sufuria. Uyoga uliogandishwa kwenye friza kabla ya kuchemshwa huachia zaidi, kwa kuwa barafu imepasua chembe zake. Makosa mawili huharibu kazi yote: kuchemsha mzima bila kukata, na kutumia maji yale kama mchuzi. Na uyoga wa ardhi chafu ukichemshwa bado ni uyoga wa ardhi chafu, ila umepungua.

Angalia na sufuria. Zile nzito zinazofinyangwa mtaani kwa chakavu za alumini, vipuri vya injini, redieta na kadhalika, zinaweza kuachia risasi kwenye chakula, na nyanya au limau huzidisha. Kuna watu wanaotafuta uyoga safi kwa bidii kisha wanaupika kwa nyanya saa nzima ndani ya risasi. Tumia chuma kisichoshika kutu, au chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa.

Kukausha

Uyoga mbichi una maji takriban asilimia 90. Kilo 1 ikikauka inabaki gramu 100, na metali zote zimebaki humo. Hakuna kilichoongezeka, ila mkono husahau: gramu 100 za uyoga mkavu zinaonekana kidogo, kumbe ni kilo nzima. Pima kabla ya kuloweka. Gramu 25 mkavu ndiyo sahani ya mtu mmoja mzima.

Kausha kwenye mkeka ulioinuliwa mita 1 kutoka ardhini, nyuma ya nyumba, ukafunika kwa chandarua. Usitandaze juu ya bati lenye rangi kuukuu inayobanduka, kwa kuwa rangi za zamani mara nyingi zilitiwa risasi.

Kupima maabara na kusoma majibu

Kikundi cha wachumaji kinachouza kila msimu kinapaswa kupima angalau mara moja kila eneo. Tanzania, Mkemia Mkuu wa Serikali na TBS (Shirika la Viwango) wana maabara. Kongo, nenda OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Chukua uyoga 10 hadi 15 wa aina moja kutoka eneo moja, usichanganye aina. Safisha kama wa kula, kata kwa kisu cha plastiki au cha kauri, kausha kwa nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Ukipita nyuzi 60, zebaki inaanza kupotea na jibu litakudanganya kwa upande mzuri. Peleka gramu 30 hivi kwenye bahasha ya karatasi, pamoja na nusu kilo ya udongo wa sentimita 10 za juu. Omba risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki. Katanga ongeza kobalti na shaba. Chekecheke la waya lililopakwa zinki lisiguse sampuli.

Yule mnunuzi wa madini mwenye kipimo cha mkononi, kile ambacho kule Kolwezi, Katanga, wanakiita Metorex, hatakusaidia. Kinafaa kuonyesha asilimia za shaba kwenye jiwe, si kadimiamu ya miligramu moja kwenye kilo ya uyoga.

Jibu likija, kwanza tazama limeandikwa kwa uzito mkavu au mbichi. Hapa ndipo wengi hupotea. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo kwa uyoga wa porini wa miligramu 0.50 za kadimiamu na 0.80 za risasi kwa kilo mbichi. Kwa uzito mkavu zidisha kwa 10: 5 na 8. Mtu anayelinganisha jibu la mkavu na ukomo wa mbichi ataogopa bure. Anayefanya kinyume chake atakula bila woga anaostahili.

Tuseme jibu ni kadimiamu miligramu 4 kwa kilo kavu. Hiyo ni 0.4 mbichi, chini ya ukomo. Sahani ya gramu 250 ina mikrogramu 100. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilikadiria mwaka 2010 kwamba mtu asizidi mikrogramu 25 kwa kila kilo ya mwili wake kwa mwezi, kutoka vyakula vyote. Mtu wa kilo 60: 1,500 kwa mwezi. Akila mara mbili kwa wiki, anapata 800, zaidi ya nusu, na bado hajahesabu mboga, unga wala sigara. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 100 kila mara, anapata 320 kati ya 375 zake. Uyoga uleule, "ulio chini ya ukomo". Kwa hiyo kwa mtoto, mara mbili kwa wiki ni nyingi mno. Ujerumani watu wazima wanashauriwa wasizidi gramu 250 za uyoga wa porini kwa wiki, na hicho ni kipimo kizuri hata hapa kwa ambaye hajapima. Mtoto mdogo, robo yake.

Risasi haina hesabu ya namna hiyo. Kamati hiyohiyo ilifuta kiwango chake cha zamani mwaka 2010, kwa kuwa haikuona kiasi kisichodhuru akili ya mtoto.

Nani awe mwangalifu zaidi

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 6, na mwenye ugonjwa wa figo: hawa wale tu uyoga wa msitu unaojulikana, au wa kufugwa. Mwanamke mwenye upungufu wa damu hunyonya kadimiamu zaidi tumboni, kwa sababu mwili unaotafuta chuma hauchagui vizuri. Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki vina kazi mbili kwake. Kalsiamu, ya maziwa au dagaa wanaoliwa na mifupa, hupunguza unyonywaji wa risasi. Kadimiamu ikishaingia kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu, kwa hiyo hakuna dawa ya kienyeji ya "kuisafisha", na anayeiuza anauza maji. Ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto, omba kipimo cha risasi kwenye damu. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, WHO inataka chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Jambo la mwisho si la metali, ila huchanganywa nalo. Metali za kwenye uyoga hazimwangushi mtu usiku uleule. Mtu akianza kutapika na kuharisha saa 6 hadi 24 baada ya kula, hiyo ni sumu ya uyoga wenyewe, na aina inayochelewa hivyo ndiyo inayoua ini. Inaweza kutulia siku ya pili ikamdanganya mgonjwa kwamba amepona. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na wote waliokula naye, na mabaki ya uyoga mbichi yabebwe kwenye karatasi, siyo mfuko wa plastiki, yakiwa na kitako chake.